Kisigino kilipasuliwa, bado nachechemea: nimshtaki daktari?

BARUA

Shikamoo Mama,

Mimi ni fundi ujenzi, nina miaka 38, nina mke na watoto watatu, naishi Kanda ya Ziwa. Mwaka jana nilikuwa napiga lipu ukuta wa nje, ghorofa ya kwanza. Mrunda mmoja wa jukwaa ukakatika, nikaenda nao mpaka chini. Nilitua kwa miguu. Mguu wa kushoto ulisalimika, wa kulia kisigino kikasagika.

Nilipewa rufaa kwenda hospitali kubwa. Huko nililala karibu wiki mbili mguu ukiwa juu ya mito, kwa sababu ulivimba na kutoka malengelenge, daktari akasema hawezi kupasua mpaka uvimbe ushuke. Ulipopungua akanipasua, akaweka bamba la chuma na skrubu. Kabla ya kuingia chumba cha upasuaji nilimuuliza kama nitarudi kazini, akanijibu, "Usijali, utatembea." Nikasaini karatasi. Hakuna kingine nilichoambiwa.

Sasa ni mwezi wa kumi tangu niumie. Kweli natembea, lakini Mama, hiki si kitu nilichotegemea. Asubuhi nikishuka kitandani hatua za kwanza ni kama nakanyaga misumari. Jioni mguu unavimba mpaka alama ya soksi inabaki. Barabara ya lami naimudu, ila kwenye mawe au shamba lililolimwa mguu unakataa kabisa. Kisigino kimetanuka, buti zangu za kazi haziingii. Ubavu wa nje wa unyayo una ganzi. Kuchuchumaa ni shida, ngazi ndiyo usiseme. Mgongo nao unauma nikikaa sana, huo nadhani ni kwa sababu ya magongo. Kila siku nameza diklofenaki za duka la dawa ndipo siku iende, na sigara zimeongezeka.

Nilirudi kwa daktari mara ya mwisho, akaangalia picha akasema, "Mfupa umeshika vizuri, nenda kafanye mazoezi." Mazoezi gani, hakusema. Foleni ilikuwa ndefu, nikatoka. Tangu siku hiyo sijarudi na sitaki kumwona. Tuliuza kiwanja kwa ajili ya mguu huu. Bosi wangu alilipa bili ya mwanzo, baada ya hapo hapokei simu.

Ndugu wamegawanyika. Baba mkubwa anataka nipelekwe kwa mganga wa mifupa ambaye ataukanda na dawa za moto na kuunyoosha upya. Fundi mwenzangu anasema vyuma ndivyo vinavyouma, vitolewe. Kaka yangu anasema daktari aliniharibu, tumshtaki. Kuna kijana wa mtaani kwetu alivunjika mguu akawekewa vyuma, baada ya miezi minne alikuwa uwanjani anacheza mpira. Kwa nini mimi nisipone? Mke wangu analalamika kwamba nimekuwa mkali hata kwa watoto.

Nifuate ushauri wa nani? Na je, nitapanda jukwaa tena?

Fundi, Kanda ya Ziwa


JIBU

Marahaba mwanangu. Pole sana, na mama watoto mpe pole yangu, maana naye amelibeba hili.

Mimi ni mtaalamu wa mazoezi tiba, nimefanya kazi na wagonjwa wa mifupa kwa miaka mingi, lakini si mpasuaji na mguu wako sijaushika. Nitakuambia ninayoyajua kuhusu visigino vilivyovunjika, na yale ambayo lazima mtu akuguse ndipo ayajue nitayaacha kwa huyo atakayekugusa.

Naanza na jambo ulilolitaja kwa haraka ukalipita: mgongo. Anayeanguka kutoka juu na kutua kwa visigino, kishindo hakiishii kwenye unyayo, kinapanda hadi kwenye pingili za kiuno. Kati ya watu kumi wanaovunjika kisigino kwa namna hiyo, takriban mmoja huwa ameumia uti wa mgongo pia, na mara nyingine jeraha hilo haligunduliki kwa sababu macho ya wote yako kwenye mguu. Inawezekana kabisa ni magongo, kama unavyodhani. Lakini je, mgongo wako ulipigwa picha siku ile? Kama hujui au haukupigwa, hilo ndilo ombi lako la kwanza utakapokwenda hospitali. Na ikitokea miguu yote miwili inakosa nguvu, au haja ndogo inakusumbua, au unahisi ganzi sehemu za siri, usingoje kliniki, nenda siku hiyohiyo.

Sasa kisigino. Unajilinganisha na kijana wa mtaani kwenu na hapo ndipo moyo wako unapoumia bure. Yeye huenda alivunjika mfupa wa muundi katikati, mbali na kiungo. Mfupa wa hivyo ukishikana, kazi kubwa imekwisha. Cha kisigino ni kingine. Juu ya mfupa huo kuna kiungo kinachouwezesha unyayo kulala kushoto na kulia, ndicho kinachokusaidia kukanyaga jiwe bila kuanguka. Umesema lami unaiweza na mawe huyawezi, na hiyo inanifanya nikitilie shaka kiungo hicho kuliko mfupa wenyewe. Unapoanguka na uzito wote, mfupa wa juu yake unashindilia chini, kisigino kinapasuka vipande, kinafupika na kutanuka, na gegedu laini linalofunika kiungo linachanika palepale. Wewe umepanga marumaru, utanielewa: daktari anaweza kukusanya vipande vya kigae kilichovunjika na kuvipanga mpaka sakafu ikae sawa, lakini nyufa zile haziondoki. Kwa hiyo daktari aliposema mfupa umeshika, huenda alisema kweli tupu, na wewe unaposema unaumia, nawe unasema kweli tupu.

Hata wapasuaji wenyewe wamebishana miaka mingi kama kisigino cha namna hii kipasuliwe au kiachwe. Mwaka 2014 jarida la kitabibu la BMJ lilitoa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 151 katika hospitali 22 za Uingereza, wote wakiwa wamevunjika kisigino na mpasuko kuingia ndani ya kiungo. Nusu walipasuliwa, nusu wakatibiwa bila kisu. Baada ya miaka 2, maumivu na uwezo wa kutembea vilikaribiana katika makundi yote mawili, na matatizo kama ya kidonda na maambukizi yaliwapata asilimia 23 ya waliopasuliwa dhidi ya asilimia 4 ya wasiopasuliwa. Wale ambao kisigino kilikuwa kimepotoka vibaya mno hawakuingizwa kwenye utafiti, na wewe huenda ulikuwa miongoni mwa wa namna hiyo, sijui. Nakueleza haya ujue kwamba huko nako, kwenye hospitali zenye vifaa vyote, wapo wengi wenye malalamiko kama yako. Kuvimba jioni kwa mwaka mzima na zaidi ni jambo la kawaida kwa jeraha hili, na mguu huendelea kupata nafuu hadi mwaka wa pili. Uko mwezi wa kumi. Safari bado.

Ile ganzi ya ubavu wa nje, kuna mshipa wa fahamu unaopita karibu na mahali wanapochana ngozi. Unaweza kuguswa hata mkono uwe stadi kiasi gani. Baadhi hurudi taratibu, wengine hubaki na sehemu ndogo yenye ganzi.

Kwa hiyo daktari hana kosa? Sijasema hivyo. Kuna kosa moja ninaloliona hata kutoka huku niliko, nalo linanikera. Mtu mwenye watoto watatu, anayeishi kwa kupanda jukwaa, anauliza kama atarudi kazini na anajibiwa "usijali". Ilikuwa haki yako kuambiwa kabla ya kusaini kwamba jeraha hili huacha ugumu, kwamba kazi nzito huenda ikachelewa au isirudi kama zamani, kwamba kuna hatari ya maambukizi na ganzi, na kwamba njia ya kutopasua nayo ipo. Saini bila maelezo ni wino tu. Ungeambiwa hayo, pengine mguu ungekuwa huuhuu, lakini usingelala kila usiku ukiamini kwamba umeharibiwa, na pengine kile kiwanja mngekifikiria mara mbili. Hasira yako ina msingi.

Lakini hasira hiyo inakufungia mlango unaouhitaji. Rudi hospitali. Kama huwezi kabisa kukaa mbele ya daktari yuleyule, omba nakala ya taarifa ya upasuaji na picha za kabla na baada, uende nazo kwa mpasuaji mwingine wa mifupa. Taasisi ya Mifupa Muhimbili ipo Dar es Salaam na hospitali ya KCMC ipo Moshi, na wapo mabingwa kwingine pia. Nenda na mke wako; macho manne na masikio manne ni bora, na maswali yaandikeni nyumbani. Muulizeni daktari awaonyeshe kwenye picha ile pembe inayoitwa ya Böhler, kwa jina la mpasuaji wa Austria. Katika kisigino kizima huwa kati ya nyuzi 20 na 40, na kikishindiliwa inapungua. Wewe ni fundi, pembe unazijua: uliza ilikuwa ngapi siku ya ajali, ngapi baada ya upasuaji, na ngapi leo. Muulizeni kama kuna skrubu iliyotokeza ndani ya kiungo. Picha ya kawaida haionyeshi hilo vizuri, kipimo cha CT ndicho kinachoonyesha, nacho kina gharama, kwa hiyo aamue daktari baada ya kukupima kwa mikono.

Kuhusu kutoa vyuma, fundi mwenzako anaweza kuwa sahihi au asiwe sahihi, na kuna namna ya kujua. Je, maumivu yapo palepale chuma kinapogusika chini ya ngozi, kiatu kikisugua ndiyo yanazidi? Hapo kutoa kunaweza kusaidia, mfupa ukiwa umeshikana vya kutosha. Maumivu yakiwa ndani, yanayokuja unapokanyaga mahali pasipo sawa, kutoa vyuma peke yake hakutayaondoa, na utakuwa umefungua tena ngozi ambayo hupona kwa shida. Na yakiwa chini ya fundo la nje, huenda kisigino kilichotanuka kinabana kano zinazopita hapo, jambo ambalo nalo lina tiba yake.

Ikionekana kiungo kimekwisha kabisa, daktari anaweza kukutajia upasuaji wa kukigandisha, yaani mifupa miwili iunganishwe iwe mmoja. Maumivu hupungua kwa wengi. Ule mchezo wa kulala kushoto na kulia ndiyo unapotea moja kwa moja, ila kupandisha na kushusha unyayo kunabaki. Si uamuzi wa mwezi wa kumi, lakini nakutajia mapema kwa sababu ya sigara: mfupa wa mvutaji hushikana kwa shida na kidonda chake hukawia kufunga. Ukitaka mlango huo ubaki wazi, acha sigara sasa.

Na diklofenaki ya kila siku, mwanangu, hapana. Inachoma tumbo hadi vidonda, inaumiza figo na kupandisha shinikizo la damu, nayo haikufanyii chochote zaidi ya kukunyamazishia mguu usiku mmoja. Mwambie daktari umeimeza kwa muda gani, akupime damu na presha, akupangie dawa nyingine.

Kwa baba mkubwa zungumza kwa heshima, maana nia yake ni njema. Mwambie ndani kuna skrubu na bamba, na kiungo hakinyooshwi kwa nguvu bila kuvunja kitu. Mwambie pia ngozi yenye ganzi haijui dawa imekuwa ya moto kiasi gani mpaka imeshaungua. Nimefunga vidonda vya namna hiyo. Chale ndizo mbaya zaidi, kwa sababu wadudu wakifika kwenye chuma hawatoki kirahisi. Kovu lako likianza kutoa maji au usaha, au mguu ukawa mwekundu na wa moto ukiwa na homa, kimbilia hospitali. Vivyo hivyo ukiona mguu unawaka kama pilipili, unabadilika rangi, ngozi inang'aa na hata shuka likigusa unaruka: huo ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu unaoweza kufuata jeraha, na hutibika vizuri zaidi ukiwahiwa.

Uliambiwa ufanye mazoezi bila kuambiwa yapi, na hili ndilo fungu langu. Asubuhi kabla ya kushuka kitandani andika alfabeti hewani kwa kidole gumba, herufi zote, mguu ukiwa umenyooka. Kisha pitisha kanga au taulo chini ya unyayo ulivute taratibu kuelekea kwako mpaka nyama ya nyuma ya mguu ivutike, uhesabu hadi thelathini, urudie mara chache. Baada ya hapo ndipo ukanyage. Hatua zile za misumari zitapungua makali. Mchana shika ukuta, panda kwenye vidole kwa miguu yote miwili, ushuke polepole. Zoezi hilo likiwa rahisi, uzito uhamishie zaidi mguu wa kulia. Simama kwa mguu mmoja huku umeshika ukuta. Ardhi isiyo sawa ianze na mchanga, mawe baadaye. Kipimo ni hiki: maumivu yanayotulia ndani ya saa chache yavumilie, yanayokukuta mpaka kesho asubuhi yanakuambia ulizidisha, punguza. Jioni inua mguu juu kuliko kifua. Hospitali nyingi za wilaya sasa zina idara ya mazoezi tiba. Omba karatasi ya rufaa uende huko mara kwa mara, maana maandishi yangu hayawezi kukushika kisigino.

Kandambili weka pembeni. Tafuta raba au buti pana, zinazofunika fundo, zenye soli nene laini, na fundi viatu akukatie sponji ngumu ya kuweka chini ya kisigino. Hili ni dogo lakini wagonjwa wengi wamenirudia wakishukuru kwa kiatu kuliko kwa kingine chochote.

Kaka yako sasa. Mahakama haiangalii kama mguu umepona, inaangalia kama daktari alifanya chini ya kiwango ambacho daktari wa kazi ile anapaswa kukifikia. Skrubu iliyoachwa ndani ya kiungo na kila mtu akaiona, maambukizi yaliyopuuzwa, mgonjwa kutoelezwa: hayo yanaweza kuzungumzwa. Mguu mgumu peke yake baada ya kisigino kusagika, hapana. Ndiyo maana nasema maoni ya pili yatangulie wakili. Ukiridhika kwamba kuna kosa, malalamiko yanapokelewa na uongozi wa hospitali na pia na Baraza la Madaktari Tanganyika, ambalo lina mamlaka juu ya leseni za madaktari. Kesi ya madai ya madhara ina ukomo wa miaka 3, kwa hiyo una nafasi ya kupata majibu kwanza.

Anayekimbia simu zako ndiye anayenishangaza mimi: bosi. Mrunda ule haukuwa wa daktari. Uliumia kazini, na Tanzania Bara ina Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 iliyoanzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unaogharimia matibabu, ulemavu na mazoezi ya kumrudisha mtu kazini. Madai haya yana ukomo wa muda na mwaka wako unakaribia kuisha. Nenda ofisi ya WCF iliyo karibu nawe wiki hii, usingoje bosi apokee simu. Hata kama hukuwa na mkataba wa maandishi, nenda ukaulize. Beba karatasi za hospitali, majina ya wenzako walioona ukianguka, ujumbe wowote wa malipo aliokutumia kwenye simu. Familia nzima imemkazia macho daktari, na huyu mwingine amepita katikati yenu kimya.

Ukali wa nyumbani sitausemea sana. Mtu asiyelala kwa maumivu na asiyejua ada ya watoto itatoka wapi huwa mkali. Mwambie mke wako kwa maneno unachokiogopa. Yeye anajua umekasirika, huenda hajui kwamba unaogopa. Usingizi ukikataa au ukianza kuona afadhali usingekuwepo, mweleze daktari bila aibu, kwa sababu hilo nalo ni sehemu ya matibabu ya mguu.

Umeniuliza kama utapanda jukwaa tena. Wapo waliorudi. Wengi wa kazi nzito hawakurudi kwenye kazi ileile, au walirudi baada ya muda mrefu kuliko walivyoambiwa, na ngazi ndicho kitu cha mwisho kukubali. Nisingependa uupange mwaka huu ukingoja jukwaa. Unajua kusoma ramani, kukadiria saruji na nondo, kuona ukuta uliopinda kwa macho. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kuwapima mafundi waliojifunza kazi mitaani na kuwapa cheti cha ujuzi walio nao tayari, na fundi mwenye cheti anaweza kuajiriwa kusimamia vijana akiwa ardhini. Ulizia chuo chao cha mkoani kwako lini wanapima mafundi ujenzi. Na picha ya mgongo, mwanangu, usiisahau. Ukishapata majibu niandikie.